Njia ya Pakiti Iamuliwe na Sera, Si na Kebo

Ndugu walimu, wahandisi wenzangu, na ninyi wanafunzi mtakaoipokea kazi hii kutoka mikononi mwetu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie namna huduma za mtandao, yaani vifaa vinavyokagua au kubadilisha data ikiwa njiani, zinavyounganishwa katika mnyororo, na namna mnyororo huo unavyobadilishwa mtandao ukiwa kazini. Hoja yangu ni moja na ninaitanguliza ili muipime kadiri ninavyoendelea. Kuamua pakiti, yaani kipande cha data kinachosafiri mtandaoni, ipite wapi, ianze kwa nani na imalizie kwa nani, ni kuamua sera. Sera haitakiwi kufichwa ndani ya kebo. Iandikwe mahali inapoweza kusomwa, kukaguliwa na kubadilishwa.

Nianzie kwenye mtandao wa simu, maana huko ndiko jambo hili linakoonekana wazi zaidi. Mtu ananunua bando, anafungua ukurasa. Pakiti zake zinapita mnarani, zinasafiri hadi kwenye lango la kampuni ya simu, lile ambalo kwenye 4G linaitwa PGW na kwenye 5G kazi yake hufanywa na UPF. Ni rahisi kudhani kwamba ukishavuka lango umeshafika intaneti. Bado. Kati ya lango na intaneti kuna eneo ambalo wahandisi wa simu wanaliita SGi, na humo vifaa vimepangwa kimoja baada ya kingine. Kimoja kinatambua aina ya data inayopita. Kingine kinachuja kurasa zisizofaa watoto. Kipo cha kuharakisha miunganisho ya TCP (utaratibu wa kutuma data na kuhakikisha imefika), kipo cha kupunguza uzito wa video, halafu ipo NAT inayobadilisha anwani, na mwishoni faiawali inayozuia miunganisho isiyoruhusiwa. Mteja haoni hata kimoja, ila kasi anayoipata, na hata kupata mtandao kwenyewe, vinategemea hivyo vyote.

Hali hii haiko kwenye kampuni za simu tu. Mwaka 2012 Justine Sherry na wenzake walichapisha utafiti uliohusu mitandao ya mashirika 57, wakakuta kwamba idadi ya vifaa vya namna hii inakaribia kulingana na idadi ya ruta. Tunawafundisha vijana ruta na swichi, vifaa vya kuelekeza na kuunganisha njia za data, kwa miezi mingi, kisha wanaingia kazini na kukuta nusu ya mtandao ni vitu ambavyo hawakufundishwa.

Sasa tazameni mpangilio. Chukueni viwili tu, kichujio cha watoto na NAT. Kichujio kikitangulia, kinaona anwani ya ndani ya kila mteja, kwa hiyo kinaweza kujua kwamba laini hii mzazi ameomba ichujwe na ile haikuombwa. NAT ikitangulia, wateja wengi wanatoka wakiwa na anwani moja ya nje, na kichujio hakiwezi tena kumtofautisha mtoto na baba yake. Vifaa ni vilevile, mipangilio ya ndani ni ileile, lakini huduma imekufa kwa sababu ya nani alitangulia. Na NAT kwetu hatuwezi kuikwepa leo wala kesho. AFRINIC, taasisi inayogawa anwani za IP barani Afrika, iliingia awamu ya pili ya kumaliza akiba yake ya IPv4, zile anwani za mfumo wa zamani, Januari 2020, na katika awamu hiyo mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Kampuni yenye wateja mamilioni haina njia nyingine ya kuwahudumia kwa IPv4 ila kuwabananisha nyuma ya NAT.

Kwa miaka mingi mpangilio huo uliwekwa kwa kebo. Ukitaka kichujio kitangulie NAT, unachomeka waya ukitoka kwenye kichujio ukaingia kwenye NAT. Waliokuwa waangalifu walitumia VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa kwa mpangilio ndani ya swichi zilezile, wakawa wanaipeleka data kutoka VLAN moja hadi nyingine, kila kifaa kikiwa daraja kati ya mbili. Ilifanya kazi, na waliotujengea mitandao hiyo wanastahili heshima. Lakini gharama yake ni kubwa. Kwanza, kila pakiti inapita kila mahali. Kifaa cha video kinanunuliwa kwa ukubwa wa trafiki yote, yaani data yote inayopita, wakati sehemu kubwa ya trafiki hiyo hakiigusi. Pili, kifaa kimoja kikianguka mstari mzima unasimama, isipokuwa uwe umenunua pacha wa kila kifaa akae pembeni akisubiri. Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, hakuna mahali palipoandikwa kwa nini mpangilio uko hivyo. Fundi aliyeuchomeka akihama kampuni, sera imehama naye. Anayebaki anaogopa kugusa, na mtandao unaoogopwa na wahandisi wake haukui.

Mwaka 2008 yalitokea mambo mawili ambayo nadhani tunapaswa kuyasoma pamoja. La kwanza linajulikana: Nick McKeown na wenzake walichapisha makala ya OpenFlow. Wakasema uamuzi wa njia uondolewe kwenye swichi, uwekwe kwenye programu moja inayoona mtandao mzima, na swichi ibaki kutekeleza kanuni ilizopewa. Kwa wazo hilo tukapata mitandao inayoongozwa kwa programu. La pili halitajwi sana. Mwaka huohuo Dilip Joseph, Arsalan Tavakoli na Ion Stoica wa Berkeley walipendekeza kwa ajili ya vituo vya data kwamba faiawali na vigawa mzigo viondolewe kwenye njia kuu, viwekwe pembeni, na swichi zenye kujua sera ndizo zipeleke trafiki huko inapohitajika. Kwa maneno mengine, wazo la mnyororo unaoandikwa badala ya kuchomekwa halikuja baadaye kama nyongeza. Lilizaliwa mwaka mmoja na OpenFlow.

Oktoba 2012 makampuni makubwa ya mawasiliano yalikutana Darmstadt, Ujerumani, yakatoa waraka yakitaka kazi za mtandao zitolewe kwenye maboksi maalumu na ziendeshwe kama programu ndani ya seva za kawaida. ETSI, taasisi ya Ulaya ya viwango vya mawasiliano, ikachukua kazi hiyo. Hapo ndipo mnyororo ulipoanza kuwa na maana kamili, kwa sababu faiawali ikishakuwa programu unaweza kuwasha ya pili saa tatu usiku watu wanapojaa mtandaoni, ukaizima alfajiri. Mwaka 2014 watafiti wa ClickOS walionyesha mashine pepe (kompyuta ya programu ndani ya kompyuta halisi) ya kazi za mtandao yenye ukubwa wa megabaiti 5, inayowaka kwa takribani milisekunde 30 na kuongeza ucheleweshaji wa mikrosekunde 45 tu, na zaidi ya 100 za namna hiyo zikafanya kazi pamoja katika seva moja ya kawaida. Kebo haiwezi kuifuata kasi hiyo.

Mtu anaweza kusema basi imekwisha: tuna kidhibiti, ile programu inayoona mtandao mzima, tuna swichi, tuandike kanuni za OpenFlow na mnyororo umepatikana. Waliojaribu walikutana na ugumu ambao haukuwa dhahiri. Kanuni ya OpenFlow inaitambua pakiti kwa kilichoandikwa kwenye kichwa chake, yaani anwani, bandari (namba inayoonyesha programu inayohusika), itifaki (kanuni ya mawasiliano). Lakini vifaa vya mnyororo vinabadilisha kichwa hicho. Pakiti imeingia NAT na anwani moja imetoka na nyingine, na kidhibiti hakina uhakika kama ni ileile. Na vile visivyobadilisha kitu vina tatizo la kinyume: pakiti imetoka kwenye kichujio ikiwa sawasawa na ilivyoingia, na swichi ikiitazama kichwa tu haijui kama imeshachujwa au bado. Ikikosea, pakiti itazunguka bila mwisho au itaruka kituo. Mfumo wa SIMPLE wa 2013 ulijaribu kulinganisha yaliyomo kwenye pakiti kabla na baada ya kifaa ili ukisie uhusiano wao. FlowTags ya 2014 ikaviomba vifaa vyenyewe vibandike alama. Ongezeni na hili, kwamba meza ya kanuni ndani ya swichi nyingi za wakati huo ilibeba kanuni elfu chache tu, wakati wateja na sera walikuwa wengi kuliko hapo.

Jibu ninalolipenda lilitoka IETF, jumuiya inayosanifu itifaki za intaneti na kuzichapisha katika nyaraka ziitwazo RFC. Usanifu wa mnyororo wa huduma uliandikwa kwenye RFC 7665 ya Oktoba 2015, na kichwa cha pakiti chenyewe, kinachoitwa NSH, kwenye RFC 8300 ya Januari 2018. Nitakieleza taratibu.

Pakiti inapoingia kwenye eneo la mnyororo inakutana na kiainishi. Hiki kinatazama mara moja ni ya nani, inakwenda wapi, ni ya aina gani, kisha kinaivalisha kichwa kipya chenye namba mbili muhimu. Ya kwanza ni namba ya njia, biti 24, kwa hiyo nafasi ipo ya njia zaidi ya milioni 16. Ya pili ni namba ya hatua, biti 8, ambayo kwa kawaida huanza 255 na kila huduma ikimaliza kazi yake inapunguza moja. Kuanzia hapo vipitishi, vile vinavyoipeleka pakiti kituo hadi kituo, havina haja ya kuchunguza anwani wala bandari. Kipitishi kinasoma kwamba hii ni njia namba fulani, hatua namba fulani, kinaangalia meza yake, kinajua kituo kinachofuata. Ni kama kadi ya mgonjwa wa nje hospitalini, inayoonyesha umeshapita kwa daktari na maabara, bado dirisha la dawa. Muuguzi wa kila mlango anaisoma kadi, haanzi kukuuliza upya unaumwa nini. NAT ikibadilisha anwani, kichwa cha nje kinabaki na kumbukumbu ya safari. Namba ya hatua ikifika sifuri pakiti inatupwa, na kichwa kina pia hesabu nyingine, TTL, inayopunguzwa na kila kipitishi, kwa hiyo hata meza ikiandikwa vibaya, pakiti haizunguki milele. Na kile kifaa cha zamani kisichojua NSH kinawekewa wakala mbele yake, anayeivua pakiti kichwa hicho, anaipeleka, kisha anaivisha tena inaporudi.

Kuna sehemu nyingine ya NSH isiyosifiwa ipasavyo, nayo ni nafasi ya taarifa. Katika muundo wake wa kwanza kuna baiti 16 zilizotengwa kwa ajili ya kubeba kile ambacho kiainishi kimegundua, ili vituo vinavyofuata visirudie kazi. Jumla kichwa kinakuwa baiti 24, juu ya zile za njia ya kusafirishia. Baiti 24 si nyingi, lakini pakiti iliyojaa baiti 1,500 tayari haina pa kuziweka. Asiyeongeza ukubwa unaoruhusiwa kwenye viungo vyake vya ndani kabla ya kuwasha NSH atapata malalamiko ya ajabu: kurasa ndogo zinafunguka, kubwa zinakwama. Fanyeni hilo kwanza.

Nakuja sasa kwenye mabadiliko yenyewe, maana mnyororo uliokaa palepale hauhitaji yote haya. Mabadiliko yapo ya aina mbili. Moja ni ya pakiti: kituo cha kutambua trafiki kinaziona pakiti chache za mwanzo, kinagundua kwamba hii ni video, na kinaruhusiwa kubadilisha namba ya njia ili zinazofuata zipite penye huduma ya video na nyingine zote zisipite huko. Ya pili ni ya mtandao: umeongeza kituo, umeondoa kingine, umehamisha kwa sababu seva imezidiwa.

Katika hii ya pili tatizo ni kwamba wakati unabadilisha, pakiti zinaendelea kuja. Ukigusa swichi moja kabla ya nyingine, zipo zitakazopita nusu ya mnyororo wa zamani na nusu ya mpya, na huenda zikaikwepa faiawali kabisa. Mark Reitblatt na wenzake wa Cornell na Princeton walionyesha mwaka 2012 njia safi ya kuliepuka: weka kanuni mpya zote kwanza, zikiwa na namba yake ya toleo, bila kuzigusa za zamani, zikishakamilika, badilisha kwenye mlango wa kuingilia tu, subiri pakiti za zamani ziishe, ndipo ufute. Na NSH inaufanya utaratibu huo kuwa mwepesi. Tuseme wateja wa kawaida wako njia namba 40. Jenga njia 41 kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikague, kisha kiambie kiainishi kianze kuandika 41. Kila pakiti itapita 40 nzima au 41 nzima. Oneni jinsi sera ilivyokuwa kitu kinachoshikika: ina namba, ina toleo, na ukigundua kasoro unarudi 40 kwa kubadilisha mstari mmoja.

Ila pakiti si mwisho wa hadithi. Faiawali inakumbuka. Imeona muunganisho ukifunguliwa, inajua kwamba jibu linatarajiwa. NAT inakumbuka kwamba bandari hii ya nje ni ya mteja yule. Ukiupeleka muunganisho ulio katikati kwenye faiawali mpya, hiyo mpya haina kumbukumbu hiyo, inaona jibu lisilo na swali, inalitupa. Mteja aliyekuwa anatuma pesa kwa simu anakatika. Kwa hiyo mnapomsikia mtu anasifia kwamba kidhibiti chake kinahamisha njia kwa milisekunde, mwulizeni kumbukumbu anazifanya nini.

Majibu yapo, na kila moja lina bei yake. Unaweza kuiacha miunganisho ya zamani imalizikie kwenye kituo cha zamani, na mipya tu iende kwenye kipya. Hiyo ni salama, na mimi ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza, lakini miunganisho mingine inakaa saa nyingi na kituo ulichotaka kukizima hakizimiki. Unaweza kuzihamisha kumbukumbu zenyewe. OpenNF, iliyotoka Wisconsin mwaka 2014, ilionyesha namna ya kuzihamisha bila kupoteza pakiti na bila kuvuruga mfuatano wake, kwa kuzishikilia pakiti kwa muda na kuziachia baada ya kumbukumbu kufika. Au unaweza kuzitoa kabisa ndani ya kituo na kuziweka kwenye hifadhi ya pamoja yenye kasi, kama walivyofanya Murad Kablan na wenzake mwaka 2017, na hapo kituo chochote kinaweza kumpokea mteja yeyote, ila kila pakiti sasa inategemea hifadhi hiyo kuwa hai na kuwa karibu.

Na msisahau njia ya kurudi. Mnyororo mnaouchora ubaoni una mshale mmoja. Mazungumzo yana miwili. Jibu linalotoka intaneti lazima lipite kwenye nakala ileile ya faiawali iliyoliona swali, tena kwa mpangilio uliogeuzwa. Kama mna nakala tatu za faiawali na kigawa mzigo kinachagua kwa bahati nasibu kila upande, theluthi mbili ya majibu yatafika kwa asiyehusika. Hapa ndipo mitandao mingi ya majaribio inapoanguka.

Umbali nao haubadilishwi na programu. Mwanga ndani ya nyuzi unatumia takribani milisekunde 5 kwa kilomita 1,000. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya hapo. Kidhibiti kisichojua jiografia, kikiona seva ya Mwanza ina nafasi, kinaweza kuweka kichujio Dar, kiharakishi Mwanza na NAT Dar tena. Kwenye ramani ya kidhibiti ni hatua tatu fupi. Kwa mteja wa Dar ni safari ya kwenda na kurudi ziwani, zaidi ya milisekunde 10 zilizopotea bure, wakati kituo chenyewe kingemchelewesha kwa mikrosekunde. Kwa maoni yangu, kwa nchi zenye upana kama zetu, kujua mahali pa kuweka vituo kuna thamani kuliko kuviharakisha.

Nisemee pia jambo linalonigusa kama raia. Zile baiti za taarifa zinaweza kubeba utambulisho wa mteja. RFC 8300 yenyewe haikuweka ulinzi ndani ya kichwa hicho. Namna ya kukilinda kisichezewe na kuficha taarifa nyeti ilikuja na RFC 9145, Desemba 2021. Mtandao unaosafirisha utambulisho wa watu waziwazi kutoka seva hadi seva una deni kwa watu hao, na sasa una deni kisheria pia: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mhandisi anayeandika mnyororo anaamua nani asome nini kuhusu nani. Kila kituo unachoongeza ni jicho jingine. Baadhi yake hayaoni kitu tena, maana data nyingi sasa imesimbwa, nayo itifaki mpya ya QUIC, iliyosanifiwa rasmi Mei 2021, inaficha hata yale ambayo viharakishi vya TCP vilikuwa vinasoma. Vituo vya namna hiyo viondolewe. Mnyororo mfupi ni wa haraka zaidi, unaeleweka zaidi, na unamheshimu zaidi mtumiaji.

Wapo watakaosema NSH si njia pekee, nami nakubali. Wanaotumia SRv6, mbinu ya kuongoza pakiti za IPv6, wanaandika orodha ya vituo ndani ya pakiti yenyewe, na RFC 9491 ya 2023 inaeleza namna ya kuviunganisha viwili hivyo. Chagueni kinachoungwa mkono na vifaa mlivyonavyo. Hoja yangu inasimama kote kuwili.

Kwa wanafunzi: hamhitaji maabara ya mamilioni. Mininet, iliyoanza Stanford, inajenga mtandao mzima ndani ya kompyuta moja ya Linux, na Open vSwitch inawapa swichi. Wekeni mteja, seva, faiawali mbili zenye kumbukumbu, na njia mbili zenye namba. Anzisheni miunganisho mirefu ya TCP kupitia njia ya kwanza, kisha hamisheni kwenda ya pili mkiwa hamjahamisha kumbukumbu, mhesabu ni mingapi imekatika. Rudieni kwa kuacha ya zamani imalizikie ilikokuwa. Rudieni tena mkiwa mmesahau makusudi njia ya kurudi. Nitabaki hapa baada ya kikao, na mwenye kompyuta yake tunaweza kuanza leo na swichi moja na faiawali mbili.